Gauni la Mwanamke Mrefu

"Hebu simama tulione vizuri," alisema mama mkwe mtarajiwa.

"Nimesimama, mama."

"Umesimama?"

"Nimesimama wima kabisa."

Mama akamtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka sakafuni, mahali ambapo gauni jeupe la harusi lilikuwa limejikusanya kama pazia lililoanguka. Mikono ya gauni ilizifunika ncha za vidole. Kiuno cha gauni kilikuwa kwenye nyonga, na shingo yake ilikuwa imefunguka hadi ikabidi aikusanye kwa ngumi ili asitiri kifua.

"Basi panda juu ya stuli," mama akasema.

Nukta akapanda. Ndivyo walivyomwita maabara, Nukta, kwa sababu ya kimo chake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amechukua damu za watu wakubwa kwa wadogo hospitalini. Bado wagonjwa walimuuliza, "Mtoto, mpimaji yuko wapi?"

Alipoinua mkono ashike ukuta, harufu ikampiga. Ilikuwa harufu ya marashi ya zamani yaliyochanganyika na jasho lililokauka. Akageuza uso kwenye kwapa la gauni. Kitambaa kilikuwa na duara la njano. Pale shingoni palikuwa na alama ndogo nyekundu ya rangi ya mdomo.

Yeye ni mtu wa kushika makopo ya choo cha wagonjwa asubuhi na kula mchana bila shida. Lakini duara lile la njano lilimtia kinyaa mpaka mate yakamjaa mdomoni.

"Mama, hili gauni limevaliwa."

"Nani kakwambia? Ni vumbi la dukani. Nguo nzuri zinajaribiwa na watu."

"Vumbi halina harufu ya jasho."

"Ee! Maabara imekuharibu pua!"

Mlangoni akatokea mchumba wake. Alikuwa na duka la marumaru za sakafu, na hata mama yake alimwita Marumaru. Kwa kweli alikuwa na uso laini, unaong'aa, usioshika kitu.

"Kadogo kangu! Umependeza!"

"Nimependeza nini? Naonekana kama mtu aliyezama kwenye shuka."

"Si litakatwa chini tu? Sentimita ishirini, thelathini, basi. Nimelitoa mbali gauni hilo, mwenzio."

"Ningependa kushona langu. Kwa yule fundi wangu."

Uso wa Marumaru ukabadilika kidogo, kisha ukarudi.

"Yule hapana. Nimeshakwambia simpendi anavyokutazama. Mafundi wamejaa mjini. Tafuta mwingine."

"Hao wengine hawanijui mwili."

"Kwa hiyo yeye anaujua?"

Mama akaguna. Nukta akashuka kwenye stuli. Moyoni akaomba, *Ee Mungu, funga mdomo wangu, maana harusi ni wiki mbili zijazo na mama yangu ameshawaambia ndugu wote.*

*

Hakuna aliyejua mateso ya Nukta ya nguo isipokuwa Mungu na kioo cha chumbani kwake. Suruali ikimkaa kiunoni, miguu inaburuta. Blauzi ikimkaa mabegani, inakuwa ya watoto, imeshonwa vipepeo kifuani. Koti lake la maabara alilikunja mikono mara tatu, na kila siku ile mikunjo ilifunguka ikaingia kwenye kitu ambacho hakitajwi mezani. Mwezi uliopita tu, aliingia duka kubwa kutafuta sketi ya heshima ya kuvaa kanisani.

"Unamtafutia mtoto wa miaka mingapi?" muuzaji alimuuliza.

"Natafuta yangu."

"Ahaa! Basi za shule ziko kule mwisho, karibu na mabegi."

Alimwelekeza kwa kidevu, bila hata kunyanyua mkono. Nukta alitoka akaenda kukaa chooni hospitalini, akalia, akaomba, akanawa uso, akarudi kazini.

Ndiyo maana Marumaru alipokuja maabara kupima damu, miezi minane nyuma, akasema, "Wewe si yule niliyekuona kwa fundi? Sijakusahau," moyo wake uliyeyuka. Alikuwa mtu mzima anayemtazama kama mwanamke. Akamwambia hajawahi kuoa. Akamwambia anataka ndoa ndogo, upande wa kwao Nukta, bila matangazo kanisani kwake na bila mpiga picha.

"Mimi si mtu wa kujionyesha," alisema. Nukta akaona huo ni unyenyekevu, akamshukuru Mungu.

Lakini jina lile, "kadogo kangu," lilikuwa limeanza kumkera. Mwanzoni lilikuwa tamu. Sasa kila akiliona kwenye simu, alihisi kama mtu anambonyeza kichwa chini.

*

Jumanne alimpelekea gauni fundi wa kwanza. Akacheka. Wa pili akasema, "Hili likipunguzwa litabaki leso. Dada, kwa nini usichukue la watoto wa kumwaga maua?" Nukta alilikunja gauni kwenye mfuko wake wa bluu, akalibana kwapani kama mtu anayebeba taka, akaenda moja kwa moja mahali alipokatazwa.

Chumba cha Fundi kilikuwa nyuma ya duka la vioo. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na ukuta uliojaa vitambaa vilivyotundikwa kwenye misumari. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Leo nini? Suruali?" akauliza.

"Gauni. La harusi."

Mkono wa Fundi ukasimama hewani kidogo. "La nani?"

"Langu. Nataka lipunguzwe."

"Hongera," akasema, akapokea mfuko. Akalitandaza gauni mezani, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Halipunguziki."

"Kila nguo yangu umeipunguza, leo hii moja imekushinda?"

"Sikiliza, dada. Gauni la mtu mrefu ukilikata chini, linafupika chini tu. Kiuno hakipandi. Mikunjo ya kifua inabaki tumboni. Bega linabaki bega la mwenyewe. Watu wanadhani mtu mfupi ni mtu mrefu aliyekatwa miguu. Siyo. Wewe una kimo chako, kuanzia juu mpaka chini. Mungu hakukosea kipimo."

Nukta akakaa kwenye benchi. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

"Basi fungua bitana uone kama kuna nafasi," akasema, sauti ikiwa imeshuka.

Fundi akaligeuza gauni ndani nje. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bitana, chini ya kiuno. Kidole kikasimama. Akavaa miwani. Akasogea dirishani.

"Nani kakupa gauni hili?"

"Mchumba wangu. Kalitoa mbali."

"Mbali wapi?"

"Sijui. Kwani vipi?"

Fundi akamwonyesha. Pale ambapo bitana ilifungwa, palikuwa na mafundo matatu madogo ya uzi wa kijani.

"Unayaona? Hiyo sketi uliyovaa, pindua kiunoni kidogo tu, utazame."

Nukta akapindua ukingo wa sketi yake aliyopunguziwa mwaka jana. Uzi wa kijani. Mafundo matatu.

"Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha," Fundi akasema. "Kazi yangu ikirudi imeharibiwa na mtu mwingine, naijua. Hili gauni halijatoka mbali. Limetoka kwenye meza hii."

Akavuta daftari kubwa la vipimo, akalamba kidole, akafunua kurasa kurudi nyuma. Fundi hakuwaandika watu kwa majina. Aliwaandika alivyowakumbuka.

"Huyu hapa. 'Mwalimu, mrefu, anacheka sana. Gauni la harusi.' Miaka miwili iliyopita. Alikuja kupimwa mara tatu. Ila siku ya mwisho hakuja mwenyewe, alimtuma mwanaume alichukue." Akamtazama Nukta. "Siku hiyo na wewe ulikuwepo. Ulileta suruali ya bluu. Yule mwanaume alikufungulia mlango, mkacheka naye hapo nje."

Nukta akakumbuka. Mfuko mrefu wa bluu begani. Uso laini unaong'aa. Alimwuliza kwa utani, "Unaoa?" Naye akajibu, "Hapana bwana, gauni la dada yangu."

"Fundi," akasema taratibu, "una namba ya huyo mwalimu?"

"Ninayo. Lakini fikiri kwanza."

"Nimefikiri miezi minane. Nipe."

Alipiga, akaweka sauti ya nje.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya kike, nene, ya mtu aliyezoea kuongea mbele ya darasa.

"Habari za mchana, dada. Samahani kwa usumbufu. Napiga kutoka kwa fundi. Uliwahi kushona gauni la harusi hapa?"

"Ndiyo, kitambo. Kuna nini?"

"Gauni lako liko hapa. Limeletwa lipunguzwe."

"Lipunguzwe?" Yule mwanamke akacheka. "Mmekosea. La kwangu liko kabatini kwa mama mkwe wangu, kwenye mfuko wa bluu. Mimi nafundisha mbali, nikaona alitunze yeye."

"Mfuko wa bluu ninao hapa. Na shingoni pana rangi nyekundu ya mdomo."

Kicheko kikaisha.

"Hiyo rangi ni ya shangazi yangu, alinikumbatia," akasema polepole. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayepunguziwa."

Cherehani ya chumba cha jirani ilikuwa inalia, ikanyamaza.

"Dada," Nukta akaendelea, "nisamehe kwa nitakalouliza. Ndoa yenu ipo?"

"Ipo vipi? Mume wangu ameniamsha leo hii! Kanitumia ujumbe saa kumi na mbili na nusu: *Twiga wangu, umeamka?*"

Nukta akafungua ujumbe kwenye simu yake. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili asubuhi: *Kadogo kangu, umeamka?*

Akausoma kwa sauti.

Yule mwanamke hakulia. Alivuta pumzi mara moja tu, ndefu.

"Dakika mbili," akasema. "Hata hakunywa maji katikati."

Nukta akainuka, akakimbilia nje kwenye karo la kunawia, akatapika. Aliposimama, Fundi alikuwa pembeni na kikombe cha maji, akitazama upande mwingine ili asimwaibishe.

*

Usiku ule Nukta hakumtukana mtu. Alipiga magoti mpaka yakafa ganzi. Hakuomba Marumaru aadhibiwe, ingawa maneno yalimfika hapa kooni. Aliomba nguvu ya kusimama chumbani mwao bila kupanda stuli.

Asubuhi akaandika: *Fundi amemaliza gauni. Jumamosi mchana nalileta kwa mama.*

Jibu likaja na mioyo mitatu: *Safi kadogo kangu! Nilikwambia ni kukata chini tu.*

Jumamosi ikafika. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, Marumaru pembeni yake anachokonoa meno. Nukta akaingia na mfuko wa bluu.

"Haya livae tuone," mama akasema. "Stuli ile pale."

"Leo stuli haihitajiki, mama. Nimelipatia mtu ambaye linamkaa."

"Mtu gani?"

"Karibu, dada!" Nukta akaita.

Mwalimu akaingia. Ilibidi ainame kidogo mlangoni. Alikuwa ametoka stendi moja kwa moja, begi bado mkononi. Kijiti cha meno kikamwanguka Marumaru.

"Mke wangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Nimekuja kuchukua vipimo," Mwalimu akajibu. Akalitoa gauni mfukoni, akalishikilia mbele ya mwili wake. Kiuno kikakaa kiunoni. Upindo ukagusa vidole vya miguu. Kila mtu mle ndani akaona lilivyomkaa, na hapakuwa na la kubishana.

"Hili ni la nani?" akauliza.

"Ni... nilikuwa natafuta namna ya kukueleza," Marumaru akaanza. "Tatizo ni umbali. Mwanaume naye ni mtu."

"Mbwa naye ni mbwa, lakini anajua nyumba yake."

"Usimtukane mwanangu!" mama akaruka. "Mke gani wewe, mwezi mzima uko na chaki? Mwanangu anakula chakula baridi! Huyu wa maabara yuko karibu, ana kazi yake, na mdogo hivi hawezi hata kupandisha sauti. Nikasema huyu hatanishinda."

Nukta alihisi kile kinyaa kikirudi, kizito, kama kitambaa kichafu kilichobandikwa usoni. Safari hii hakikuwa cha jasho la kwapani. Kumbe walimpima! Walimtazama kimo, wakaona huyu anaenea mfukoni.

"Mama," akasema, "ulijua gauni hili lina mwenyewe?"

"Nguo imevaliwa siku moja tu! Itupwe?"

"Ukanivisha jasho la mke wa mwanao."

"Kadogo kangu, hebu tutoke nje tuongee sisi wawili," Marumaru akasema, akinyoosha mkono.

"Usiniguse. Na mimi si kadogo. Nina miaka thelathini na minne na nina jina. Hujawahi kulitaja hata siku moja. Nimejiuliza kwa nini, leo nimejua. Ukitaja majina utachanganya."

"Nilikupenda kweli, wallahi..."

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ni fupi kuliko hata mimi."

Mwalimu akacheka. Kicheko kilimtoka bila kutaka, machozi yakiwa tayari machoni. Nukta naye akatabasamu, kisha akashika kidole chake cha pete. Pete ile ilikuwa kubwa. Marumaru aliizungushia uzi ndani ili isidondoke. Hakuhitaji kuivuta. Aliinamisha mkono tu, ikaanguka mezani na uzi wake.

"Hii nayo ilikuwa ya nani?" Mwalimu akauliza.

Marumaru akainama kuokota kijiti chake cha meno. Mama akatazama pembeni.

"Usijibu," Nukta akasema. "Nimeshiba."

Mwalimu akalikunja gauni vizuri, kama mtu anayekunja bendera, akaliweka mapajani mwa mama mkwe.

"Lako hili, mama. Umelitunza sana."

Nje, wanawake wawili wakasimama kwenye kivuli cha ukuta, mmoja akifika kwenye kiwiko cha mwenzake.

"Utafanyaje?" Nukta akauliza.

"Sijui. Nitaomba kwanza, halafu nitajua. Na wewe?"

"Nitampigia mama yangu, nimwambie awaambie ndugu. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote."

"Mpigie sasa hivi. Nitasimama hapa."

Nukta akapiga. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimeshonewa gauni jipya. Nitalivaa nikienda kumshukuru Mungu."

*

Jumatatu alirudi kwa Fundi.

"Sina gauni la kushona tena," akasema. "Nataka koti la maabara. Usipunguze. Kata jipya, kutoka kwenye kitambaa."

Fundi akaitoa futi shingoni. "Unajua, miaka mitatu nabana nguo zako kwa pini, sijawahi kukupima."

"Nipime basi."

Akampima. Bega. Kifua. Kutoka bega hadi kiuno. Kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Kila namba aliisema kwa sauti ileile, bila "loh," bila kucheka, akaiandika. Alipofika juu ya ukurasa, kalamu ikasimama.

"Nikuandike nani? Nilikuwa naandika 'Nukta' kama wenzako."

Akamtajia jina lake, lote, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Fundi akaliandika kwa herufi kubwa. Akabaki ameinama juu ya daftari.

"Nina swali," akasema. "Nilikuwa nalo tangu zamani, ila nikasikia una mchumba..."

"Fundi, tafadhali. Kwa sasa mwanaume akinikaribia naona kinyaa. Hata wewe, nisamehe."

"Sawa. Sitauliza."

"Sikusema usiulize. Uliza koti likiisha."

Koti likaisha Jumamosi, siku ileile iliyokuwa ya harusi. Nukta alilivaa mbele ya kioo cha Fundi akielekea zamu ya mchana. Mabega yalikaa mabegani. Kiuno kilikuwa pale Mungu alipokiweka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele na kuitazama kwa muda mrefu, maana kwa miaka kumi na moja hakuwa ameviona vifundo vya mikono yake akiwa kazini.

Akapindua ukingo wa ndani. Uzi wa kijani, mafundo matatu.

Fundi alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia, futi mkononi, anaikunja na kuikunjua.

"Pana mahali pa kurekebisha?" akauliza.

"Hapana." Akafunga kitufe cha juu, kisha akamgeukia. "Haya. Koti limeisha."